Maisha ya Abu Rayhani Al-Biruni, Mpimaji wa Ardhi na Mbingu

Katika darasa zetu za hapa Kakamega limezuka suali ambalo, kwa tunavyosikia, linaulizwa vile vile katika baraza za Mombasa, Lamu na Unguja. Vijana husoma katika skuli zao kwamba vyombo vimepelekwa Mirihi na Mushtari, na kwamba wataalamu wanatafuta kama huko kuna chochote chenye uhai. Warudipo nyumbani hukutana na watu wa namna mbili. Wa kwanza huwaambia kuwa kuuliza mambo hayo ni kuingilia kazi ya Mungu, na pengine huwatupia neno la ukafiri. Wa pili hupokea kila khabari ya mbinguni bila ya kuipima, na jioni yake humwendea mpiga ramli amwangalizie nyota. Kijana akisimama baina ya wawili hawa hudhani kuwa hana budi kuacha kimoja, ama dini yake ama akili yake.

Badala ya kumpa kijana huyo hoja nyingi, tumeona heri tumweleze maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Muislamu, aliishi kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, na masuali hayo hayo aliyauliza kwa adabu, kwa hesabu na kwa ushujaa. Naye ni Abu Rayhani Muhammad bin Ahmad Al-Biruni.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa tarehe 3 ya Mfunguo Tatu, mwaka 362 wa Hijra, sawa na tarehe 4 Septemba 973, katika viunga vya mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake imo katika Uzbekistan. Inasemekana kuwa jina la Biruni latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, kwa kuwa kwao kulikuwa nje ya mji. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Nasri Mansur bin Iraq, mtu wa jamaa ya watawala wa nchi ile na bingwa wa hesabu, aliyemlea katika ilimu kama mtu amleavyo mwanawe.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 17 alichukua pete kubwa iliyochorwa daraja, yaani digrii, akapima mwinuko wa jua la adhuhuri, na kwa kipimo hicho akajua mji wake uko mbali kiasi gani kaskazini ya Ikweta. Hapana aliyemlazimisha kazi hiyo, ila yeye hakuridhika kuambiwa mahali ulipo mji wake na hali jua liko juu ya kichwa chake na lapimika.

Mwaka 995 vita viliingia Khwarazm. Ukoo uliokuwa ukimlinda ukaangushwa, naye akakimbia akiwa mtu wa miaka 22. Alifika Rayy, karibu na ulipo mji wa Tehran leo, akiwa hana kitu. Huko alibishana na mnajimu mmoja juu ya jambo la ilimu, na yule mnajimu, ambaye hakumfikia hata kidogo kwa maarifa, akamdharau kwa sababu ya umasikini wake. Baadaye hali ya Al-Biruni ilipotengenea, mtu yule yule akawa rafiki. Al-Biruni aliyaandika hayo bila ya uchungu, kama mtu aelezaye tabia ya hali ya hewa.

Mwaka 997 alikuwa amerudi Kath, na huko alifanya jambo la kustaajabisha. Alipatana kwa barua na Abul-Wafa, bingwa wa falaki aliyekuwa Baghdadi, kwamba usiku wa tarehe 24 Mei mwezi utapatwa, na kila mmoja katika mji wake aandike saa ya kupatwa kwake. Mwezi hupatwa kwa watu wote kwa wakati mmoja. Kinachotofautiana ni saa ya mji. Walipolinganisha waliona tofauti ya kiasi cha saa moja, na kwa hiyo wakajua umbali wa miji yao miwili kwa upande wa mashariki na magharibi. Watu wawili wasiokuwa na simu wala saa za mkononi waliufanya mwezi kuwa saa yao.

MASUALI KWA IBN SINA

Karibu na mwaka 1000 Al-Biruni alimpelekea masuali Abu Ali Ibn Sina, aliyekuwa kijana mdogo wake huko Bukhara, na ambaye sifa zake zilikwisha kuenea. Masuali yalikuwa 18, na kumi katika hayo yalihusu kitabu cha Aristotle juu ya mbingu. Wakati ule maneno ya Aristotle yalikuwa na uzito mkubwa mno, hata wengi wakiyachukua kuwa ndiyo mwisho wa ubishi.

Moja katika masuali hayo ndilo lituhusulo sana. Aristotle alikuwa amekata shauri kuwa haiwezekani kuwapo ulimwengu mwingine ila huu mmoja. Al-Biruni aliuliza kwa dalili gani. Hakudai kuwa ulimwengu mwingine uko, wala hakusema kuwa ameuona; alichosema ni kwamba hoja zilizotolewa za kuukataa hazitoshi, na kwamba mtu asifanye mazoea ya akili yake kuwa mpaka wa kila kinachowezekana. Aliuliza pia kwa nini mbingu ziwe hazina budi kuwa za mviringo kamili, na kwa nini barafu huelea juu ya maji na hali ni kitu kigumu.

Ibn Sina alijibu akimtetea Aristotle. Al-Biruni hakuridhika, akarudisha majibu makali, na mwisho mwanafunzi wa Ibn Sina, Al-Maasumi, ndiye aliyeendeleza mjadala kwa niaba ya mwalimu wake. Walibishana kwa ukali wa hoja, lakini hatukusikia kuwa yeyote kati yao alimtoa mwenziwe katika dini kwa ajili ya suali la nyota.

Wala Al-Biruni hakuwa peke yake katika njia hii. Kiasi cha miaka 200 baada yake Imamu Fakhruddin Ar-Razi, aliyekufa mwaka 1210, alilitazama lile neno la wingi tulisomalo kila siku katika Alhamdu, ambamo Mwenyezi Mungu ametajwa kuwa ni Mola wa walimwengu, akafungua mlango ule ule: kuwa Muumba haelemewi na kuumba malimwengu elfu juu ya elfu, makubwa kuliko huu wetu. Basi anayedhani kuwa suali hili lililetwa na Wazungu pamoja na roketi, na ajue kuwa lilisomwa katika misikiti yetu kabla ya roketi kwa mamia ya miaka.

GHAZNA NA BARA HINDI

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akamchukua Al-Biruni pamoja na wanavyuoni wengine mpaka Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Hakwenda kwa khiari yake. Mwaka uliofuata alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, dhiki imemzunguka na vyombo vyake vya kazi hana. Akachukua kibao alichokuwa akifanyia hesabu, akachora nyuma yake tao lenye daraja, akatundika uzi wenye uzito, akapima jua. Kwa kibao hicho alipata mahali pa kijiji kile katika ramani ya ulimwengu.

Katika misafara ya Sultani alifika Bara Hindi, na huko alipanda ngome ya Nandana katika nchi ya Punjab. Hapo ndipo alipoipima ardhi. Kila mtu wa pwani amepata kuliona jahazi likitweka: kwanza hupotea mwili wake, kisha tanga, mwisho ncha ya mlingoti, kwa kuwa bahari imejipinda. Al-Biruni alikuwa mbali na bahari, lakini aliifuata maana hiyo hiyo. Kwanza aliupima urefu wa mlima kwa kuutazama kutoka mahali pawili katika uwanda. Kisha akapanda juu, akautazama mstari ambapo ardhi na mbingu hukutana, akapima umeshuka kiasi gani chini ya usawa wa jicho. Kushuka kwenyewe kulizidi nusu ya digrii kwa kidogo tu. Kwa vipimo hivyo viwili alihesabu umbali wa kutoka uso wa ardhi mpaka kitovu chake, na kwa vile dhiraa ya zama zile inavyokisiwa, hesabu yake haikupishana sana na kilomita 6,371 zinazojulikana leo.

Akiwa huko alijifunza Kisanskriti, lugha ya vitabu vya Mabaniyani, akakaa na wanavyuoni wao, na mwaka 1030 akatoa kitabu kikubwa juu ya dini, desturi, hesabu na falaki ya Bara Hindi. Aliwaeleza kama wanavyojieleza wenyewe, bila ya kuwazulia, ingawa hakuwa akiamini waliyoyaamini. Na hakuficha kuwa vita vya bwana wake viliwaharibia watu wale nchi yao na kuwatia chuki. Katika kitabu hicho alizitaja na pande zetu. Alieleza kuwa Somnath ilipata umaarufu kwa sababu ilikuwa bandari ya wasafiri waendao baina ya Sufala ya Zanji na Uchina. Vyombo vya pwani yetu vilikuwa katika khabari zake.

KIBLA NA HESABU

Kitabu alichokimaliza mwaka 1025 alikifanya kwa kusudi la kujua mahali pa miji, na matunda yake makubwa yalikuwa kuujulisha mji wa Ghazna upande wa kibla. Hapa ndipo ilimu ya falaki ilipokuwa mtumishi wa ibada, wala Al-Biruni hakuona haya kutumia hesabu ngumu kuliko zote kwa ajili ya mswala wa mtu wa kawaida.

Msomaji wetu wa pwani aitazame faida ya jambo hili. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, ndiyo maana mtu wa Mombasa akielekea kaskazini barabara huwa ameelekea kibla. Lakini akija Kakamega amekwenda magharibi kwa digrii kama 5, na amesimama kiasi cha robo tu ya digrii kaskazini ya Ikweta. Akielekea kaskazini vile vile kwa mazoea ya kwao atakuwa ameiacha Makka upande wake wa kulia, kwani kibla cha Kakamega kimepinda kuelekea mashariki kwa digrii kama 13. Mila aliyoitoa kwao ni njema, ila ni ya kwao. Hapa yataka hesabu.

Na asiyejua hesabu anaweza kulitumia jua. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua husimama juu ya Al-Kaaba barabara, na saa ya Makka na saa yetu ya Afrika Mashariki ni moja. Asimamishe kijiti kilichonyooka mahali palipo sawa. Kivuli kitaangukia upande wa pili, na upande kinakotoka kivuli ndiko kibla. Njia hii yafaa Kakamega, Mumias, Mombasa na Lamu, wala haina gharama.

ARDHI YAZUNGUKA AU IMESIMAMA?

Al-Biruni aliona chombo cha kupimia nyota kilichotengenezwa na As-Sijzi, ambaye alikijenga juu ya dhana kuwa ardhi ndiyo izungukayo, si mbingu. Hakukitupa kwa kuwa ni kigeni. Alieleza kuwa kwa mwenye kuhesabu nyota mambo ni sawa kwa dhana zote mbili, na kwamba kukata shauri ni jambo gumu la ilimu ya maumbile. Yeye mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa cha falaki, alibaki na kauli kuwa ardhi imetulia. Katika hilo hakupata, lakini aliacha mlango wazi ili wapate wenziwe.

Leo twajua kuwa ardhi yazunguka, na pwani yetu imewahi kuitumia kasi yake. Katika Ikweta ardhi huenda mbio za kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na chombo kirushwacho kuelekea mashariki hupata msaada wa mbio hizo. Kwa sababu hiyo Wataliani walijenga majukwaa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka hapo ilirushwa satelaiti tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu ya Kenya, ikarushwa nyingine ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ikatazame miali ya nyota isiyoonekana kwa macho. Urushaji wa mwisho kutoka majukwaa yale ulikuwa mwaka 1988.

TABIA ZAKE

Kitabu chake kikubwa cha falaki alikimaliza karibu na mwaka 1030, akakipa jina la Sultani Masuud, mwana wa Mahmud. Inasimuliwa kuwa Sultani alimpelekea zawadi ya fedha, mzigo wa tembo mzima, naye akairudisha katika hazina kwa udhuru kuwa hana haja nayo.

Inasimuliwa pia kuwa siku moja mjumbe kutoka nchi za mbali alimweleza Sultani Mahmud kuwa ameona mahali ambapo jua huzunguka juu ya ardhi bila ya kuchwa. Sultani aliyekuwa mkali wa dini akamhesabu mtu yule kuwa mzushi. Al-Biruni alipoulizwa alieleza kwa utaratibu wa falaki jinsi inavyopasa kuwa hivyo katika pande za ncha za ardhi kwa majira fulani. Maelezo ya dakika chache yaliiokoa heshima ya msafiri aliyesema kweli. Ni wangapi katika miji yetu wametiwa katika uzushi kwa kuwa hapana katika baraza aliyejua hesabu?

Ama juu ya utabiri wa nyota, aliandika mwaka 1029 kitabu cha mafunzo kwa ajili ya bibi aitwaye Rayhana binti Al-Hasan, ndani yake mkiwa na hesabu, falaki na kanuni za wanajimu. Aliwaeleza wanajimu kama alivyowaeleza Mabaniyani, na katika maandishi yake alionyesha wazi kuwa hana imani na madai yao. Kujua Zuhura itachomoza saa ngapi ni ilimu. Kudai kuwa Zuhura itamwoza fulani mke mwezi ujao ni biashara. Mtu aliyezijua nyota kuliko watabiri wote wa zama zake ndiye aliyekuwa mgumu wa kuwasadiki.

KUFA KWAKE

Aliandika vitabu zaidi ya mia moja, na vingi katika hivyo vimepotea. Katika uzee wake macho na masikio yalidhoofika, lakini aliendelea na kitabu cha dawa na majina yake katika lugha mbali mbali.

Inasimuliwa kuwa alipokuwa katika sakarati alizuriwa na mwanachuoni wa fikihi. Al-Biruni akakumbuka mas-ala ya mirathi waliyowahi kuyazungumza, juu ya fungu la nyanya wa upande wa mama, akamwomba ayaeleze tena. Yule mwanachuoni akamwonea huruma, akastaajabu kuulizwa jambo kama hilo saa kama ile. Al-Biruni akamfahamisha kuwa ni bora auage ulimwengu akiwa amelijua kuliko auage akiwa hakulijua. Akaelezwa, akalirudia mpaka akalihifadhi. Mgeni akaondoka, na kabla hajafika mbali akasikia vilio kutoka nyumba ile. Hayo yalikuwa Ghazna, yapata mwaka 1048.

MAFUNZO

Tangu siku zake mambo mengi yamefunuka. Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Marekani kilitua Mirihi kikapima udongo wake kutafuta dalili za uhai, na mwaka 2021 kingine kikatua katika bonde ambalo zamani lilikuwa na ziwa la maji. Mwaka 2024 kilirushwa chombo cha kwenda kuuchunguza Europa, mwezi mmojawapo wa Mushtari, ambao chini ya barafu yake wataalamu wanaona dalili kubwa za bahari. Tangu mwaka 1995, wataalamu wa Uswisi walipotangaza sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyo mfano wa jua letu, zimethibitishwa sayari za namna hiyo zaidi ya 5,000. Na katika zote hizo mpaka leo hakijathibitika hata kiumbe kimoja chenye uhai.

Basi mwenye kusema kuwa hakika kuna walimwengu huko, amesema asilolijua. Na mwenye kusema kuwa haiwezekani kabisa, naye amesema asilolijua, tena ameiwekea mpaka kudura ya Muumba kwa kadiri ya mawazo yake. Njia ya Al-Biruni ni ya tatu, nayo ni ngumu kuliko zote mbili: kuuliza, kupima, na kusema kwa kadiri ya kipimo kilivyofika.

Mtaalamu huyu leo ana kumbukumbu mahali asipopata kufika yeyote wa zama zake, kwani shimo moja kubwa katika upande wa mwezi usioonekana kutoka ardhini limepewa jina lake. Lakini sisi hatudhani kuwa hiyo ndiyo kumbukumbu bora kwake. Kumbukumbu bora ni kijana wa Kakamega au wa Kisauni asimamishaye kijiti juani siku ya 28 Mei, saa mkononi, akakitazama kivuli mwenyewe. Ewe mzazi, mtoto wako akikuuliza khabari ya Mirihi, usimnyamazishe; na kama hujui, mwambie hujui, kisha tafuteni pamoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Rayhani, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa katika watafutao ilimu mpaka pumzi ya mwisho. Amin.